Bega linauma kila nikipiga visahani, ninunue shotigani gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha. Ana miezi minne tangu aanze kupiga visahani vya udongo, vile vinavyorushwa hewani uvivunje kwa shotigani, anatumia shotigani ya kuazima ya geji 12 (geji ni upana wa mtutu, namba ikipanda mtutu ni mwembamba zaidi), mitutu miwili ya juu na chini, nyepesi, kama kilo 3 hivi, na risasi anazopewa ni za gramu 28 (huo ni uzito wa marisau, zile punje ndogo za ndani), zile za kasi. Raundi ya kwanza anavunja 17 au 18 kati ya 25, ya pili anashuka, ikifika ya tatu bega limevimba, shavu linawaka na anajikuta anafumba macho kabla hata hajafyatua. Mwili wake mdogo, kilo 58. Wenzake wamemshauri anunue geji 20 nyepesi aachane na mateso. Anauliza: shikamoo mwalimu, ninunue ipi ambayo haipigi teke?

Marahaba dada, na pole sana kwa bega. Nianze na la haraka kabla hujatoa hela: usinunue hiyo geji 20 nyepesi. Najua wenzako wamekushauri kwa nia njema na ni ushauri unaosikika kila mahali watu wanapopiga visahani, mwanamke au kijana akilalamika bega basi anapewa kabunduki kepesi, halafu kanampiga kuliko kile alichokikimbia, na wengi nimewaona wakiacha mchezo hapohapo wakiamini miili yao ndiyo haifai. Mwili wako hauna shida yoyote. Shida ni risasi, uzito wa bunduki na kitako ambacho hakikukatwa kwa ajili yako, na nazitaja kwa mpangilio huo makusudi.

Teke linatoka wapi? Baruti ikiwaka inasukuma marisau mbele, na bunduki inasukumwa nyuma kwa kiasi kilekile, hapo hakuna ujanja wa fundi wala wa kiwanda. Na kinachotoka mbele sio marisau peke yake, kuna kile kikombe cha plastiki kinachoyabeba na kuna gesi ya baruti ambayo ni gramu moja na kitu tu lakini inatoka kwa kasi kubwa mno kuliko marisau yenyewe kwa hiyo nayo inahesabika. Sasa ule msukumo ukishafika kwenye bunduki, bunduki nzito inarudi taratibu na nyepesi inarudi kwa kasi, na kasi ndiyo inayouma. Nishati ya teke inapanda kwa mraba wa msukumo lakini inashuka kwa uzito wa bunduki tu, mara moja. Ukielewa sentensi hiyo moja umeshajua kwa nini nakuambia uanze na risasi.

Nimekupigia hesabu kwa bunduki yako. Gramu 28 kwa mita 400 kwa sekunde, weka kikombe, weka gesi, bunduki ya kilo 3 inakurudia na kama jouli 33 (jouli ni kipimo cha nishati). Tuseme umenunua bunduki ya kilo 3 na nusu ukaendelea na risasi zilezile, utashuka mpaka 28 hivi. Afadhali, ila sio sana ukifikiria hela iliyotoka. Sasa tuseme hujanunua chochote, umebaki na hiyohiyo ya kuazima ila umebadili risasi, umechukua gramu 24 za mita 365 kwa sekunde: unashuka mpaka kama 21. Theluthi nzima ya teke imeondoka na hujagusa bunduki. Ukifanya yote mawili, risasi laini kwenye bunduki ya kilo 3 na nusu, uko kwenye 18, karibu nusu ya unachokula leo. Na ile geji 20 ya wenzako, tuseme ina kilo 2.7, ukiiwekea gramu 24 hizohizo inakupa 23. Umeona? Ni zaidi ya geji 12 yako mbovu ikipewa risasi nzuri. Geji ni upana wa mtutu tu, bega halijui upana, linajua uzito uliotoka na uzito uliobaki. Geji 20 inakuwa laini pale tu ikiwa nzito na unapiga risasi ndogo, na hapo wala hujapata faida ambayo geji 12 isingekupa kwa risasi hizohizo.

Utaniambia gramu 24 hazitavunja. Zinavunja. Kwenye Olimpiki ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa, gramu 24, na wale wanapiga trapu ambayo kisahani kinawakimbia kwa kasi na wanakipiga kikiwa mbali kuliko unavyopiga wewe. Gramu 24 za marisau ya milimita 2.4 ni kama punje 300, gramu 28 ni kama 350, kisahani kina upana wa milimita 110 na kinahitaji punje chache tu zikigonge vizuri. Hizo punje 50 za ziada haziwezi kumsaidia mtu aliyefumba macho. Hata gramu 21 zipo, na kwa skiti (mchezo ambao visahani vinakatiza mbele yako) na visahani vya karibu mimi nawapa wanaoanza hizo kwa moyo mweupe, kwenye bunduki yako ya kilo 3 zinakupa kama jouli 17. Kitu cha kuangalia kwenye boksi ni viwili, gramu na kasi, maana kuna za gramu 24 zimetiwa baruti mpaka zinapiga kama za 28, maboksi yake yameandikwa maneno ya kutisha na watu wanayapenda. Wewe tafuta iliyoandikwa laini, ya mazoezi, isiyozidi mita 370 kwa sekunde.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hiyo, kabla ya kununua bunduki piga wiki mbili tatu na hizo risasi. Usipige raundi ya tatu hata kama wenzako wanapiga. Bega lililochubuka lipumzike mpaka rangi iishe kabisa, ukipiga juu ya jeraha kila teke linakuwa kubwa kichwani hata kama ni dogo kwenye hesabu.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe maana ndiyo uliyouliza. Jibu langu kwa mtu kama wewe ni semi-otomatiki ya gesi, geji 12, yenye uzito wa kilo 3.4 mpaka 3.6, na nitakuambia kwa nini. Kwenye hizi za mitutu miwili hakuna kinachocheza, chuma kimefungwa, msukumo wote unakuja begani kwa mkupuo mmoja. Kwenye semi ya gesi kuna matundu kwenye mtutu yanaiba gesi kidogo, ile gesi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma boliti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, inarudi nyuma inatoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Jumla ya msukumo haibadiliki sana lakini unasambazwa kwenye muda mrefu zaidi, badala ya ngumi unapata kusukumwa. Tofauti hiyo bega linaijua mara moja, na ukifikisha risasi mia kwa siku unaijua zaidi. Remington 1100 iliyotoka mwaka 1963 ilijijengea jina kwa hilo hasa, na hadi leo zile zilizotunzwa vizuri ni laini ajabu. Kwa mpya, Beretta A400 Xcel imetengenezwa kwa ajili ya visahani, unaweza kuipata na mfumo wao wa Kick-Off ambao ni vifyonza-mshtuko vidogo ndani ya kitako, mimi sio mtu wa kushabikia makorokoro lakini huo unafanya kazi. Browning nao wana Maxus, ya gesi pia.

Angalia usichanganye na semi za inesha, kama nyingi za Benelli. Ni bunduki nzuri, safi, hazichafuki kirahisi, ila zinafanya kazi kwa kutegemea bunduki yenyewe irudi nyuma ikandamize springi, haziibi gesi, kwa hiyo teke lake ni kali kidogo kuliko la gesi. Tena mtu akipiga risasi laini za gramu 21 au 24, wakati mwingine mtambo haumalizi mzunguko, ganda linakwama. Na ukisema uiongezee uzito ili ipoe unazidi kuiharibia kazi maana inataka kurudi na wewe unaizuia. Kwa mwindaji anayetembea siku nzima mi ningesema chukua, kwa bega lako hapana.

Pampu, ile ya kukokota kwa mkono kila baada ya risasi, usiiguse kwa kazi hii. Ni rahisi bei yake lakini nyingi ni nyepesi, hazina msaada wowote wa gesi, na inabidi uikokote katikati ya visahani viwili huku bega linauma.

Kuna mambo ya semi unatakiwa uyajue mapema yasije yakakuvunja moyo. Inarusha maganda pembeni, ukisimama karibu na mwenzako atalalamika, kuna kidude cha kukamata ganda kwa wanaopiga trapu, kinunue. Inataka kusafishwa, pistoni na silinda ya gesi zikijaa masizi, risasi laini ndizo za kwanza kugoma. Na la muhimu kuliko yote ni usalama: bunduki ya mitutu miwili ukiikunja kila mtu uwanjani anaona iko tupu, semi haionyeshi, kwa hiyo boliti inakaa wazi muda wote na unaweka kibendera kwenye chemba (pale risasi inapokaa) mpaka zamu yako ifike. Fanya hivyo hata kama hakuna anayekuangalia. Kama unatumia mkono wa kushoto tafuta iliyotengenezwa kwa kushoto, maganda yasipite mbele ya uso wako.

Kama moyo wako uko kwenye mitutu miwili, na nakuelewa, maana wengi wakubwa wa trapu na skiti ndizo wanazotumia na zina raha yake, basi tafuta ile iliyotengenezwa kwa mashindano sio ya kuwindia. Hizo za mashindano zina kilo 3.6 mpaka 3.9, zingine zaidi, na nyingi zina kitako ambacho sehemu ya shavu inapanda na kushuka. Ile uliyoazimwa wewe nahisi ni ya kubebwa porini, imepunguzwa uzito kwa makusudi kwa mtu atakayepiga risasi 5 kwa siku, na wewe umeipiga 75. Usiogope uzito. Uzito unaouogopa dukani ukiwa umeishika kwa mkono mmoja sio uzito utakaousikia ikiwa begani na mikono miwili imeshika, kinachochosha ni bunduki iliyolemea mbele. Jaribu hivi: ipandishe begani mara 25, taratibu, na mapumziko kama ya uwanjani. Kama mara ya mwisho mtutu bado hautetemeki, unaiweza.

Haya, kitako. Hapa ndipo naomba unisikilize sana maana hela nyingi zinapotelea hapa. Hizo hesabu zote za jouli zinakuambia teke ni kubwa kiasi gani, hazikuambii linatua wapi. Bunduki ya jouli 18 isiyokukaa inaumiza kuliko ya 25 iliyokukaa. Shavu lako linawaka, hiyo ni dalili ya wazi, ama sehemu ya shavu iko chini sana na unaacha nafasi kati ya mfupa na mbao kwa hiyo kila ukifyatua mbao inakuja kukupiga kofi, ama kitako ni kirefu unakinyooshea shingo. Bunduki nyingi zinakatwa kwa mwanaume wa wastani, shingo fupi mabega mapana. Mwanamke mara nyingi anahitaji kitako kifupi kidogo, sehemu ya shavu iliyo juu zaidi, na ule mwinamo wa kisigino cha kitako uwe tofauti, maana ncha ya chini ikitangulia inachimba kifuani juu ya titi na hapo ndipo watu wanapata yale madoa meusi wanayaona ya kawaida. Sio ya kawaida. Kuna jina linaitwa Syren linalotengeneza bunduki kwa vipimo vya wanawake toka kiwandani, semi na za mitutu miwili, hizo ni za uzito kamili sio vibunduki vya kuchezea, ukizikuta zijaribu.

Namna ya kujipima mwenyewe: hakikisha iko tupu, angalia mara mbili, fumba macho, ipandishe begani kwa kawaida yako, kisha fumbua. Jicho liwe limekaa katikati ya ule utepe wa juu ya mtutu, unaona ncha ya mbele bila kuhamisha kichwa. Ukiona mgongo wa chemba tu umeziba, shavu liko chini. Ukiona utepe wote kama barabara inayopanda, shavu liko juu mno. Kati ya pua yako na kidole gumba cha mkono wa kufyatulia ibaki nafasi ya vidole viwili mpaka vitatu, ikiwa chini ya hapo gumba litakupiga pua. Kisigino cha kitako kikae chote kwenye shimo la bega, sio nusu iko hewani juu. Fundi mzuri wa vitako anarekebisha haya yote kwa hela ndogo ukilinganisha na bunduki mpya, na semi nyingi zinakuja na vibamba vya kuweka kati ya kitako na mwili wa bunduki ili kushusha au kupandisha, watu hawavifungui hata kwenye boksi.

Mpira wa kisigino, weka mzuri, laini, wenye unene. Kick-Eez na LimbSaver ni majina yanayoheshimika. Kumbuka mpira mnene unarefusha kitako, kwa hiyo mbao ikatwe kufidia, nimeona watu wanavalisha soksi ya mpira juu ya mpira uliopo halafu wanashangaa shavu ndo limeanza kuuma. Vile vipande vya uzito vya kuingiza ndani ya kitako vinasaidia, kwa sababu ileile ya uzito tu. Matundu yanayotobolewa mdomoni mwa mtutu yanapunguza kidogo mtutu kuruka juu, begani sijaona la maana, ila makelele kwa jirani yako yanaongezeka kweli.

Na makelele ndiyo nusu ya hilo tatizo lako la kufumba macho. Mwili unagutuka kwa teke, na unagutuka kwa mlio pia, hauvitenganishi. Vaa vya kuziba masikio viwili, vya ndani na vya juu, wiki moja tu utashangaa. Halafu omba mwenzako akuwekee risasi bandia bila wewe kujua, achanganye na za kweli. Ukifyatua ile bandia na mtutu ukazama chini au ukasukuma bega mbele, huko ndiko kugutuka kwenyewe, umekuona kwa macho yako, na ukikuona kunaanza kuisha. Mimi nilinunua bunduki nyepesi nilipoanza, kilo 2.8, nikajifunza kugutuka kwa mwaka mmoja na ilinichukua miaka kuiondoa, na ndiyo maana nakuandikia marefu hivi kwa kitu ambacho wewe ulitaka jina la bunduki tu. Wamarekani wa trapu kuna wanaofikia kuweka triga inayofyatua ukiiachia badala ya ukiivuta, ili kuudanganya mwili, ni dawa ya waliougua muda mrefu na ina hatari kwa asiyeizoea, wewe miezi minne hujafika huko.

Msimamo nao, uzito uegemee mguu wa mbele, goti la mbele lilegee, pua iwe juu ya vidole vya mguu wa mbele. Ukisimama umeegemea nyuma kama wengi wepesi wanavyofanya kusawazisha uzito wa bunduki, teke la kwanza linakutoa kwenye mstari na kisahani cha pili kimeshapotea.

Ukiamua kununua iliyotumika, mambo mawili. Baadhi ya bunduki za zamani zina chemba ya milimita 65 na risasi nyingi za leo ni 70, na ile 70 inaandikwa kwa urefu wa ganda likishafunguka, kabla ya kupigwa ni fupi kwa hiyo inaingia bila shida yoyote, kisha ikifunguka inabanwa, presha inapanda na teke linapanda. Soma mihuri kwenye mitutu au mpe fundi asome. La pili, kama nyumbani au kwenye mkoba kutakuwa na geji 12 na geji 20 pamoja, usiruhusu risasi zichanganyike hata siku moja. Ya 20 ukiitumbukiza kwenye 12 inateleza inaenda kukwama ndani ya mtutu, chemba inaonekana tupu, unaweka ya 12 nyuma yake unafyatua na mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu za 20 zinatengenezwa rangi ya njano.

Kwa hiyo anza na gramu 24 za mita 365 kwenye hiyohiyo ya kuazima, vya kuziba masikio viwili, raundi mbili tu kwa siku. Halafu azima semi ya gesi kwa mtu, piga boksi moja la risasi hizohizo, sio za kwake. Ukifika hapo mwambie mtu akupime kutoka triga mpaka katikati ya kisigino, na toka mstari wa utepe mpaka pale shavu linapogusa, uniletee hizo namba mbili nikuambie kitako kikatwe wapi kabla hujalipia.